MSANII WA NJIA PANDA: KAZI ZA EVERLYN NICODEMUS NA SWALI LA KUAZIMA

Katika makala haya tunakusudia kuchambua kazi za msanii Mtanzania, Ndugu Everlyn Nicodemus. Alizaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1954. Mwaka 1973 alihamia Uswidi, na tangu hapo sehemu kubwa ya maisha yake imepita nchi za nje: Uswidi, Ufaransa, Ubelgiji na hatimaye Uskoti. Ni mchoraji, mshairi, mwandishi wa nadharia na mtafiti wa historia ya sanaa ya Afrika. Majumba makubwa ya Ulaya yamemtambua, lakini hiyo siyo sababu yetu ya kumchambua. Sababu yetu ni kwamba kazi zake zinatulazimisha kujibu swali ambalo makada na wanafunzi wamelikwepa kwa muda mrefu. Msanii anapoazima kwa mataifa mengine, ni wakati gani anajenga, na ni wakati gani anapotea?

Tunaandika tukiwa na Njombe na Makambako mbele ya macho yetu. Huenda msomaji akauliza: msanii wa Kilimanjaro aishiye Edinburgh ana uhusiano gani na mchuma chai wa Luponde, au na mama anayeuza viazi kando ya barabara kuu pale Makambako? Swali hilo ni la haki, nasi hatutalikwepa. Makala yote ni jibu lake.

MAKOSA MAWILI

Panapozungumzwa habari za msanii aliyehamia nje, hujitokeza makosa mawili.

Kosa la kwanza ni la wale wanaosema: aliyeondoka si wetu tena. Hawa hupenda kutumia methali ya "mwacha mila ni mtumwa" kana kwamba ni rungu. Kwao utamaduni ni sanduku lililofungwa na mababu, na kazi ya vijana ni kulilinda lisifunguliwe. Ukiwauliza ndani ya sanduku mna nini, watakutajia ngoma inayochezwa uwanjani siku ya kupokea viongozi, kisha wachezaji wakapewa soda na kurudishwa nyumbani ndani ya lori.

Kosa la pili ni la wale wanaosema: kila kinachosifiwa London au Stockholm ni bora, na kisichosifiwa huko hakijawa sanaa. Hawa hawamtazami msanii. Hutazama muhuri aliopigwa. Siku muhuri ulipofika, ndipo walipogundua kwamba Marangu ilizaa msanii. Hii ni kasumba ileile ya kikoloni iliyovaa nguo mpya.

Makosa haya yanaonekana kupingana, lakini mzizi wake ni mmoja. Wote wawili wanaamini kwamba utamaduni ni mali iliyokwisha kamilika. Mmoja anadhani ilikamilikia kijijini, mwingine anadhani inakamilikia Ulaya. Hakuna kati yao anayeutazama utamaduni kuwa ni kazi ifanywayo kila siku na watu walio hai. Rais wa kwanza wa nchi yetu, Mwalimu Nyerere, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwezi Desemba 1962, aliyakemea makosa yote mawili kwa pamoja. Aliwashutumu waliolelewa kuuonea haya utamaduni wao, na papo hapo akaonya kwamba taifa linalokataa kujifunza kwa wengine linajidhuru lenyewe. Watu wengi hukumbuka nusu ya kwanza ya maneno hayo. Nusu ya pili husahauliwa.

NJOMBE YENYEWE IMEAZIMA

Kabla ya kumhukumu msanii, yatupasa tujitazame wenyewe. Makambako ni njia panda. Hapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia inakutana na barabara ya kwenda Njombe, umbali wa kilomita zipatazo 60, na kuendelea hadi Songea. Hapo hupita reli ya TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa ushirikiano wa Tanzania, Zambia na China. Sehemu ya kutoka Mlimba kupanda hadi Makambako ilikuwa ngumu kuliko zote, kwa mahandaki na madaraja yake. Mwaka ule wa 1973, msichana wa Marangu alipokuwa akipanda ndege kwenda Uswidi, vijana wa nchi hii walikuwa kazini kwenye reli hiyo pamoja na mafundi wa Kichina, nao wakajifunza kupima, kuchomelea na kuchanganya zege. Hakuna aliyesema vijana wale wameacha mila.

Na uhamaji si jambo geni Njombe. Wakati wa ukoloni wa Waingereza, Njombe ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizotoa vibarua wengi kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga. Wabena, Wakinga na Wapangwa waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba, na namba hiyo ndiyo iliyokuwa jina lake mbele ya mwajiri. Wamiliki wa mashamba waliunda hata ofisi yao ya kukusanya vibarua, SILABU, mwaka 1944. Waliorudi walikuja na Kiswahili, na mitindo ya nguo, na nyimbo. Wengine hawakurudi.

Tuitazame tena ngoma ya mganda, inayopendwa na watu wa mwambao wa Ziwa Nyasa. Leo huitwa ngoma ya asili. Lakini mistari yake iliyonyooka, sare zake, vyeo vyake na hatua zake za gwaride vilitoka katika beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi, na ikaenea sana baada ya askari na wapagazi kurudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza. Wananchi waliutazama mwendo wa jeshi lililokuwa likiwatawala, wakauchukua, wakautia vipenga vya vibuyu, wakaufanya mchezo wao. Gwaride lililowekwa kuwatisha liligeuzwa kuwa la kuwaburudisha. Hapo tunapata kanuni ya kwanza: kuazima si dhambi, la kuuliza ni nani ameshika usukani wa kile kilichoazimwa.

Mfano wa tatu unaihusu Uswidi yenyewe. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa nchini mwaka 1975, vilichukua mfano wa vyuo vya wananchi vya Uswidi. Njombe na Ulembwe vimo vyuo hivyo, na vijana wengi wamejifunza humo useremala, ushonaji na kilimo. Basi nchi ile aliyoiendea Ndugu Nicodemus haikuwa ngeni kwetu. Ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotusaidia sana.

Hapa ndipo penye fundisho kali. Ndugu Nicodemus alikuta katika nchi hiyo hiyo ya marafiki ubaguzi wa rangi wa kila siku: wa mtaani, wa macho, wa maswali. Serikali mbili zinaweza kushikana mikono kwa dhati, na bado mwanamke Mwafrika akapita barabarani akitazamwa kama kitu. Kada anayedhani kwamba mkataba wa misaada unafuta ubaguzi hajaelewa jinsi historia inavyokaa ndani ya vichwa vya watu. Sanaa ya Ndugu Nicodemus ilianzia kwenye ufa huo, kati ya urafiki wa mataifa na upweke wa mtu.

KUKATAA KUWA MCHUNGUZI

Hakuanzia chuo cha uchoraji. Mwaka 1978 aliingia Chuo Kikuu cha Stockholm kusoma anthropolojia. Humo alikutana na elimu iliyomtaka awatazame watu, wakiwamo watu wa kwao, kama vitu vya kuchunguzwa kutoka nje. Elimu hiyo haikumridhisha, akageukia sanaa.

Wasomaji wa Njombe wataelewa uzito wa hatua hiyo wakikumbuka jinsi habari za Wabena zilivyoandikwa. Kitabu kinachotajwa sana juu ya Wabena wa bonde la Kilombero, Ubena of the Rivers, kilitoka mwaka 1935, kimeandikwa na A. T. Culwick, afisa wa serikali ya kikoloni, pamoja na G. M. Culwick. Mtema Towegale Kiwanga alipewa sura moja. Kitabu hicho kina mambo mengi yenye faida, nasi hatusemi kitupwe. Tunachosema ni kwamba mizani yake inaeleweka kwa kuhesabu tu: mtawala ana kitabu, mtawaliwa ana sura. Na mwanamke wa Kibena, aliyelima, aliyepika, aliyezaa na kulea watu wote waliochunguzwa, hata sura hakupewa.

Basi mwanafunzi wa Marangu alipoiacha anthropolojia, alikuwa anakataa cheo. Angeweza kuwa mchunguzi Mwafrika wa Waafrika, akasifiwa kwa hilo. Badala yake alitafuta njia ambamo mtazamaji na mtazamwaji wanaweza kukaa mkeka mmoja.

Jambo moja hapa halina budi kusisitizwa, maana linawajibu wale wa kosa la kwanza. Maonyesho yake ya kwanza ya peke yake hayakufanyika Stockholm. Yalifanyika Dar es Salaam, katika Makumbusho ya Taifa, mwaka 1980. Nchi ilikuwa imetoka vitani Kagera, bidhaa zilikuwa adimu na foleni zilikuwa ndefu. Msanii mgeni katika fani, anayeishi Ulaya, aliamua kwamba watu wa kwanza wa kumhukumu wawe Watanzania. Anayesema huyu alitukimbia aeleze kwanza jambo hilo.

MWANAMKE DUNIANI

Kazi inayotuhusu zaidi ni ile aliyoifanya kati ya 1984 na 1986, iitwayo Woman in the World, yaani Mwanamke Duniani. Ilifanyika mahali patatu: Skive, mji mdogo wa Denmark, Tanzania, na Calcutta, India. Utaratibu wake ndio unaostahili kusomwa kwa makini. Kila mahali alianza kwa kukaa na wanawake wa hapo na kuzungumza nao faraghani juu ya maisha yao. Kutokana na mazungumzo hayo alichora picha na kuandika mashairi.

Tunaona mambo matatu katika utaratibu huo.

Kwanza, masikio yalitangulia mkono. Mchoraji wa kawaida wa maisha ya wananchi huja na daftari, akachora mwanamke aliyebeba mtungi, akaondoka. Mwanamke yule hajui hata kama amechorwa. Katika kazi hii, mwanamke ni msemaji kabla hajawa mchoro.

Pili, siri ililindwa. Hakuleta picha za sura za watu na majina yao ili mtazamaji wa mjini aonee huruma. Kilichopita katika mazungumzo kiligeuzwa kuwa rangi na maneno ambayo hayamwaibishi mtu. Makada wanaofanya kazi vijijini wanajua thamani ya jambo hilo. Mama wa Makambako atakueleza habari za kipigo, za mume aliyekwenda mgodini asirudi, au za ugonjwa ambao hakuna anayetaka kuutaja kwa jina. Lakini atakueleza mara moja tu. Ukiitumia habari yake kujipatia sifa mkutanoni, hatakueleza tena, na jirani yake hatakueleza kabisa.

Tatu, Denmark iliwekwa sawa na Tanzania na India. Kwa kawaida Mzungu huja kumchunguza Mwafrika, na Mwafrika hana nafasi ya kumchunguza Mzungu. Hapa mwanamke wa Kichagga alikaa na wanawake wa mji mdogo wa Denmark, akawasikiliza, akawachora. Alipindua njia ya mtazamo, tena bila kisasi, kwa kuwasikiliza kwa heshima ileile aliyowapa wengine.

Basi tunaweza kusema kanuni ya pili: uazimaji ulio halali huanza kwa kusikiliza, nao humwacha aliyeazimwa na heshima yake. Kipimo hiki ni kigumu kuliko kile cha "asili" na "kigeni", na ni cha haki zaidi. Kwa kipimo hiki, msanii wa Njombe anayemchora mwanamke wa Kikinga bila kumsikiliza anaweza kuwa mgeni kuliko yeye aliyetoka Uswidi akakaa na kusikiliza.

JERAHA NA GOMBO

Miaka iliyofuata ilimletea msanii huyu mapigo. Baada ya kuanguka kiafya kwa sababu ya mateso ya nafsi, alichora mfululizo mrefu wa picha uitwao The Wedding, yaani Harusi, mwaka 1991 na 1992. Kuchora kulikuwa kujijenga upya. Hatimaye akalifanya jeraha lenyewe kuwa somo: mwaka 2012 alipata shahada ya udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Middlesex, London, kwa utafiti unaounganisha historia ya sanaa ya kisasa ya Afrika na majeraha ambayo utumwa, ukoloni na ubaguzi vimeyaacha katika watu weusi. Kabla ya hapo alikuwa ameandika katika jarida la Third Text, lililoanzishwa London mwaka 1987 na Rasheed Araeen, msanii mzaliwa wa Karachi.

Wako makada watakaosema kwamba mateso ya nafsi ni mambo ya mtu binafsi, hayahusu umma. Sisi tunakataa. Mwaka 2004 Ndugu Nicodemus alitengeneza gombo la kitambaa lenye urefu wa mita 16, lililobeba kumbukumbu za mauaji ya kimbari na mauaji ya halaiki. Mtu hawezi kulimaliza kwa kutupa jicho. Lazima atembee kando yake hatua kwa hatua. Hapo maumivu ya mtu mmoja yamefunguka yakawa historia ya mataifa.

Na historia hiyo ni yetu. Mwezi Septemba 1905, wakati wa vita vya Maji Maji, Wabena waliishambulia misheni ya Yakobi, si mbali na mji wa Njombe wa leo. Jibu la Wajerumani katika nchi yote ya kusini lilikuwa kuchoma vijiji na vyakula, na njaa ikaua kuliko risasi. Wanahistoria wamekadiria vifo vya vita hivyo na njaa yake kuwa kati ya 250,000 na 300,000. Tunawauliza makada na walimu: gombo la Njombe liko wapi? Ni ukuta gani wa shule au wa ofisi ya kata unaomfanya mtoto atembee kando ya kumbukumbu hiyo hatua kwa hatua? Msanii wa Marangu ametumia mita 16 za kitambaa kwa ajili ya maiti wa dunia. Sisi wenye makaburi hatujatumia hata mita moja.

UPUNGUFU

Uhakiki usiotaja upungufu ni sifa tu, na sifa hazimjengi mtu. Kwa hiyo tunaeleza mambo mawili.

Jambo la kwanza ni tabaka. Kuwaweka wanawake wa Skive, Tanzania na Calcutta chini ya jina moja, Mwanamke, kuna nguvu na kuna hatari. Nguvu yake tumekwisha ieleza. Hatari yake ni kwamba mwanamke mzee wa Denmark ana pensheni, na mchuma chai wa Luponde hana. Zaidi ya hayo, maisha yao yamefungamana: chai anayoichuma mmoja kwa ujira mdogo hunywewa na mwingine kwa bei nafuu. Udada wa kweli hauna budi kuukiri ukweli huo wa bei na ujira. Vinginevyo huruma huchukua nafasi ya haki. Tunaamini utaratibu wa kusikiliza unaweza kubeba swali hilo. Lakini jina lile moja peke yake halilibebi, na mhakiki anayelisifu bila kuuliza amefanya nusu ya kazi.

Jambo la pili ni mahali kazi zilipo na lugha inayozieleza. Mwaka 2022 jumba la picha za watu mashuhuri la London, National Portrait Gallery, lilinunua picha aliyojichora mwenyewe mwaka 1982 huko Åkersberga, karibu na Stockholm. Ilitangazwa kuwa ni picha ya kwanza ya rangi ya msanii mwanamke mweusi aliyejichora mwenyewe kuingia katika hazina ya jumba hilo. Mwaka huo huo alipata tuzo ya Freelands, na kutokana na tuzo hiyo kukafanyika maonyesho makubwa ya kazi zake za maisha huko Edinburgh, kuanzia Oktoba 2024 hadi Mei 2025. Tunafurahi, na tunahesabu: picha ilisubiri miaka 40. Lakini hesabu ya pili inatuuma zaidi. Mwanafunzi wa sekondari ya Makambako hawezi kuiona picha hiyo hata moja, wala kusoma maelezo yake, maana maelezo yako katika lugha za Ulaya.

Je, upungufu huo ni wa msanii? Kwa sehemu, ndiyo: mwandishi wa nadharia aliyezaliwa katika nchi ya Kiswahili anayo deni kwa Kiswahili. Lakini sehemu kubwa ni yetu. Msanii alileta maonyesho yake nyumbani mwaka 1980, na wanawake wa Tanzania walimpa masikio na maneno yao katika miaka ya 1980. Kazi zilizohifadhiwa, zilizoandikwa na kuhakikiwa, zimehifadhiwa na wengine. Hatuwezi kumlaumu mtu kwa kulala nje ikiwa ndani hatukumtandikia.

TUJIFUNZE KWA MEXICO NA KWETU

Ili lawama hii isibaki hewani, tutoe mfano. Diego Rivera wa Mexico aliishi Ulaya karibu miaka yote kati ya 1907 na 1921. Alijifunza mitindo mipya ya Paris, akaenda Italia kutazama picha za kale zilizochorwa kutani. Aliporudi, serikali iliyotokana na mapinduzi ya nchi yake ilikuwa na kitu cha kumpa: kuta. Kuanzia 1923 hadi 1928 alizijaza kuta za Wizara ya Elimu picha za wakulima, wachimba migodi na wafumaji. Elimu aliyoazima Ulaya iligeuka kuwa mali ya umma kwa sababu palikuwa na mahali pa umma pa kuipokea. Na mlango huo ulifunguka pande zote. Elizabeth Catlett, Mmarekani mweusi mzaliwa wa Washington, alikwenda Mexico mwaka 1946, akajiunga na karakana ya wachapaji picha iliyoanzishwa mwaka 1937, akachonga na kuchapa picha za wanawake wafanyakazi, na mwaka 1962 akawa raia wa nchi hiyo.

Kwetu vipaji havikukosekana. Sam Ntiro wa Machame, aliyesoma Makerere na London, alichora mwaka 1956 picha ya watu wanaompelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku. Picha hiyo ikachukuliwa na jumba la sanaa la kisasa la New York. Baadaye akawa Balozi wetu Uingereza. Elimo Njau wa Marangu alichora kutani katika kanisa la ukumbusho huko Murang'a, Kenya, mwaka 1959, kisha akaanzisha jumba la Paa ya Paa mjini Nairobi. Na Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa Tunduru, alipita njia ileile ya manamba wa Njombe: alikwenda Tanga kwenye mkonge, kisha Dar es Salaam, na mwaka 1968 akaanza kuchora kwa rangi ya baiskeli juu ya vibao. Aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, kwa kudhaniwa ni mhalifu. Mtindo wake umelisha familia nyingi, na hilo si jambo dogo. Lakini soko lililoukuza ni la watalii, na soko hilo linataka twiga na tembo. Halimuulizi mchoraji amesikia nini Makambako.

Hivyo ndivyo ilivyo. Mmoja alinunuliwa New York, mwingine akachora ukuta wa Kenya, wa tatu akawauzia wageni, wa nne akahifadhiwa Edinburgh. Wote ni Watanzania, na wote waliazima na kuazimwa. Kilichopungua ni ukuta wetu.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Tangu Njombe iwe mkoa mwaka 2012, yamejengwa majengo mengi ya umma: ofisi, shule, vituo vya afya, stendi. Kila jengo lina kuta, na kuta nyingi zimepakwa rangi mbili, ya juu na ya chini, kisha basi. Tunapendekeza mambo matatu ambayo hayahitaji mfadhili.

Kwanza, shule za sekondari na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vichukue utaratibu wa Ndugu Nicodemus na kuufanyia kazi hapa. Wanafunzi wakae na wachuma chai, wapasua mbao, wauza viazi, na wafinyanzi wa Kikisi wanaopandisha vyungu kutoka ziwani. Wasikilize kwanza. Kisha wachore na kuandika, kwa Kiswahili, bila kumwaibisha mtu. Matokeo yaonyeshwe mbele ya walewale waliosikilizwa, nao wawe wahakiki wa kwanza.

Pili, makada waache kuitumia sanaa kama zulia la kupokelea wageni. Kikundi cha ngoma kinachoitwa siku ya ziara peke yake hakiwezi kusema neno la kweli juu ya bei ya mazao au juu ya kipigo cha wanawake. Chama au serikali inayotaka kusikia sauti ya wananchi hulazimika kuivumilia sauti hiyo hata isipowasifu viongozi.

Tatu, walimu wa vyuo waandike juu ya wasanii wetu walio nje kwa lugha yetu, wakiwasifu panapostahili na kuwakosoa panapobidi, kama tulivyojaribu hapa. Mtu asiyehakikiwa kwao hubaki mgeni kwao, hata akirudi kila mwaka.

Sasa tunaweza kulijibu swali la mwanzo. Msanii anayeazima hupotea anapochukua bila kusikiliza, na anapokosa mahali pa kuurudisha mzigo. Sharti la kwanza ni lake, na Ndugu Everlyn Nicodemus amelitimiza kwa uaminifu katika nchi tatu. Sharti la pili ni letu, na bado hatujalitimiza. Mama wa Makambako hahitaji kufika Edinburgh ili msanii huyu amhusu. Anahitaji mtu wa hapahapa, mwenye brashi na masikio, atakayeketi naye akasikiliza, kisha akamwonyesha alichochora na kumuuliza: Je, ndivyo ulivyosema?